Aliyechanjwa Hajafunga

Katekista Telesphori alikuwa mtu wa kufunga hadharani. Kusema hivyo si kumsengenya, maana mwenyewe alipenda lijulikane. Ilipofika Jumatano ya Majivu kijiji kizima cha Busongwa kilijua kwamba katekista hajatia kitu tumboni, kwa sababu kila aliyemsalimia alijibiwa kwa sauti ya mgonjwa wa wodini. Midomo aliiacha ikauke makusudi. Kopo la mafuta lilikuwepo nyumbani, limejaa, lakini aliona midomo inayong'aa haina ushuhuda.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja, na Busongwa, kijiji cha wakulima na wachimbaji wadogo upande wa Bukombe, kikajikuta kimefunga chote. Wakatoliki wa kigango walifunga, ambao ndio wengi. Waislamu wachache wanaoishi karibu na karasha la kusagia mawe walifunga. Hata wasio na dini yoyote walifunga mchana, kwa kuwa mama ntilie wote wawili walikuwa Waislamu na wasipopika wao hakuna wa kupika. Ukiuliza mtu habari za asubuhi, anakwambia amefunga. Ukiomba jembe, mwenye jembe amefunga. Walikuwepo waliokutazama machoni huku shavu moja limevimba kwa muhogo, wakakwambia wamefunga.

Kigango cha Busongwa hakikuwa na padri wake. Padri Donatus, paroko, alifika mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, matope yakikubali. Jumapili nyingine aliongoza Telesphori, amevaa kanzu yake nyeupe, na matangazo ya parokia aliletewa kwenye simu. Aliyasoma kwa kuvuta, miwani kwenye ncha ya pua, na kila tangazo likitoka mdomoni mwake lilisikika zito kuliko lilivyoandikwa.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima alifanya kosa moja: hakuupitia ujumbe kabla ya ibada. Aliusoma palepale, mbele ya watu:

"Wapendwa, katika mfungo huu ni marufuku muumini kuchanjwa. Aliyechanjwa asijidanganye kwamba amefunga. Mimi paroko wenu."

Alipofika kwenye neno "wenu," kifua kilianza kumwasha chini ya kanzu.

Sababu ya kuwashwa ni hii. Wiki tatu nyuma, watu kumi na mmoja wenye hisa katika duara moja la dhahabu, shimo refu lililokuwa limewala jasho mwaka mzima bila kutoa hata punje, waliamua kwenda kwa Bujiku. Bujiku ni mganga, anakaa ng'ambo ya mto. Telesphori alikuwa mmoja wa wenye hisa. Alikwenda, kama alivyojieleza njiani, kuwasindikiza tu. Bujiku aliwapanga mstari, akawavua mashati, akamchanja kila mmoja chale sita kifuani kwa wembe, akapaka unga mweusi ili duara liitike. Alipofika kwa msindikizaji aliuliza, "Na wewe?" Msindikizaji akafungua vifungo.

Kwa hiyo Padri amejua. Ndivyo Telesphori alivyowaza akiwa bado ameshika simu, na akatazama upande wa wanaume. Wanaume nao walikuwa wanatazama viatu vyao. Mmoja alijikuna, akaona anajikuna, akaacha.

Pale kigangoni matangazo huulizwa maswali. Aliyesimama alikuwa Nestory, kijana wa kuchoronga mwamba, naye mwenye chale zake sita, mtu asiyejua kukaa na jambo moyoni.

"Katekista, samahani. Kuchanjwa kupi?"

Telesphori akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Jibu la kweli alikuwa nalo. Lingetoka, lingemgharimu yeye kwanza: ualimu wa dini wa miaka kumi na tisa, kanzu, kiti cha mbele, na sauti yake kwenye kila ndoa na kila msiba. Katekista aliyechanjwa chale na mganga hangeruhusiwa kufundisha hata watoto wa kipaimara. Alisimama pale, na ndipo nje, barabarani, ikapita pikipiki ya zahanati yenye kipaza sauti.

"Chanjo! Chanjo! Chanjo ya surua na rubela! Kesho Jumatatu mpaka Alhamisi, shule ya msingi! Watoto wote kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka mitano, hata kama waliwahi kuchanjwa! Chanjo! Chanjo!"

Pikipiki ikapita, sauti ikafifia kuelekea kisimani. Telesphori akaweka miwani sawa.

"Umesikia mwenyewe, Nestory," alisema. "Ndiyo hiyohiyo inayopita."

Pumzi iliyotoka upande wa wanaume ingezima mishumaa yote miwili ya altare. Nestory alikaa akitabasamu. Upande wa wanawake, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimgeukia mwenzake kwa mshangao, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba.

Uongo wa aina hii una njaa, lazima ulishwe. Kufikia jioni Telesphori alikuwa ameulizwa mara saba, na kila aliyeuliza alipewa maelezo marefu kuliko aliyetangulia. Sindano ina maji. Maji yakiingia mwilini ni kunywa, hata kama yamepitia begani. Tena baada ya sindano wanampa mtoto matone ya vitamini mdomoni, na matone yale, yeye alishayaona, yana mafuta. Sasa mtu apewe mafuta mdomoni mchana wa Kwaresima, hapo kuna mfungo? Wasikilizaji walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema hakuwahi kufikiri kwamba katekista amesoma kiasi kile.

Aliyebaki ni mkewe, Agatha. Huyu hakuwa na kawaida ya kutikisa kichwa.

"Baba Ritha," alisema, "huyu naye amefunga?"

Alikuwa akimwonyesha Zipora, mjukuu wao wa miaka minne, mtoto wa binti yao Ritha anayeuza vitenge Nyahanga, kule Kahama. Zipora alikuwa ameketi kwenye mkeka na kiazi cha tatu.

"Mtoto hufunga kwa niaba," alijibu Telesphori.

"Kwa niaba ya nani?"

"Wazazi wake wakifunga, na yeye amefunga."

"Mama yake yuko Nyahanga. Jana kanipigia anakula chipsi."

"Mama Ritha, mambo ya Kanisa usiyafanye ya jikoni."

Agatha alipepeta mchele. Kisha akasema kilichokuwa kinamsumbua. "Kadi ya kliniki ya huyu mtoto ilipotelea machimboni alipokuwa anahamahama na mama yake. Sijui alichanjwa mara ngapi, sijui hata kama alichanjwa. Nesi Apolonia aliniambia nimpeleke tu, kadi isiwe shida. Nilikuwa nimpeleke kesho."

Telesphori alimtazama Zipora. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hakuna haja ya kuficha hilo. Ndiye aliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba, ndiye aliyembeba begani kwenye maandamano ya Kristu Mfalme. Angeweza kusema mpeleke. Lakini aliiona foleni ya shuleni akilini mwake, akamwona mjukuu wa katekista amesimama pale, akamwona Nestory anapita na kuuliza tena, kwa sauti ileile: kuchanjwa kupi?

"Tusubiri Pasaka ipite," alisema. "Surua haikimbii."

Jumatatu asubuhi alipita shuleni na baiskeli, akijisemea kwamba njia ya shambani ni ileile. Apolonia, nesi wa zahanati, alikuwa ameweka meza kwenye kibaraza cha ofisi ya mwalimu mkuu, boksi la chanjo lenye barafu pembeni, daftari wazi. Hapakuwa na mtu. Mama mmoja alipita mbali kidogo akitafuna hindi la kuchoma.

"Mama Rebeka, mlete mtoto!" aliita Apolonia.

"Tumefunga, nesi!" alijibu Mama Rebeka, na punje mbili zikamdondoka.

Telesphori alikuwa anapanda baiskeli aondoke alipomwona Ustadhi Maige akija na watoto tisa kwa mstari, wamevaa kofia na mitandio kama siku ya sikukuu. Ustadhi Maige ndiye aliyewasalisha wale wa karibu na karasha, na midomo yake ilikuwa mikavu kweli, bila makusudi.

"Ustadhi!" Telesphori hakuweza kujizuia. "Nanyi si mmefunga?"

"Tumefunga, katekista. Watu wangu nao waliniuliza, nikaona nisijibu kwa kichwa changu. Nikampigia shehe wa wilaya. Akaniambia sindano ya kinga si chakula, na hawa watoto wenyewe hawajafikia umri wa kufunga. Akaniuliza kama nilikuwa sina kazi." Alicheka. "Mimi mwenyewe nilichanjwa ile ya korona mwezi kama huu, saa nne asubuhi, na njaa ilinikamata palepale kama kawaida."

Telesphori alisema kila dini ina taratibu zake. Alikuwa bado anasema hivyo alipotokea Bujiku.

Mganga alikuja na wajukuu watano na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, zimefungwa kwa mpira, kulikuwa na kadi tano za kliniki, safi, hazina hata doa. Apolonia alizipokea, akazitazama moja moja, akasema angependa kijiji kizima kingekuwa na kadi kama hizi.

"Mzee Bujiku, wewe unawaleta hospitali?" Telesphori aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi nachanja duara," alijibu Bujiku, kwa sauti isiyo ya chini hata kidogo. "Surua siyo duara. Surua ni ya nesi. Mwangaluka, umeamkaje, katekista? Vidonda vyako vimekauka?"

Baiskeli ya Telesphori iliondoka kabla yeye mwenyewe hajakaa vizuri. Shambani alilima matuta mawili, yote yamepinda.

Kesho yake Apolonia alimfuata nyumbani. Alikuwa binti wa Ushirombo, ana adabu, na alikuwa amechoka. Siku mbili, watoto kumi na wanne, na barafu inayeyuka.

"Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, katekista."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu."

"Nasikia kuna barua ya Padri inakataza chanjo."

"Ujumbe," alisahihisha Telesphori. Alitoa simu, akausoma, safari hii akikazia "marufuku" na kupita haraka kwenye mengine.

Apolonia aliinamisha kichwa akisikiliza. "Haujasema surua. Haujasema sindano. Kuchanjwa kupi, katekista?"

Lile swali likawa limerudi, na halikuhitaji hata Nestory. "Mimi ni msomaji tu, mwanangu," alisema. "Sitafsiri."

"Basi nimpigie Padri mwenyewe."

Alipiga palepale uani. Simu ya Padri haikupatikana. Alipiga parokia, akapokea mpishi, akasema paroko amekwenda kwenye mafungo ya sala ya mapadri na huko simu zinazimwa hadi wiki iishe.

"Yaani sisi tuko kwenye mfungo, yeye yuko kwenye mafungo," alisema Apolonia, "na mimi nina dozi mia moja na themanini kwenye boksi."

Zipora alikuwa amesimama muda wote mlangoni, kidole mdomoni, akitazama lile boksi la bluu. Alikuwa ameshasikia kwa wajukuu wa Bujiku kwamba ukichanjwa unapakwa wino kidole kidogo, na wino ule hautoki. Aliutaka. Akasogea mpaka kwa Apolonia, akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akasimama wima.

"Mimi silii," alisema.

Agatha, aliyekuwa anaanua nguo, aliacha. Apolonia akamtazama Telesphori. Boksi lilikuwa hapo miguuni pake, kazi ya dakika moja.

Nje ya uzio, njiani, watu wawili walikuwa wanapita na ndoo, na mmoja wao alikuwa mke wa Nestory. Walikuwa wamepunguza mwendo.

"Zipora," alisema Telesphori, "shusha mkono huo. Nenda ndani."

Mtoto alishusha, akaenda ndani. Apolonia akaaga kwa adabu ileile aliyoingia nayo. Agatha aliendelea kuanua nguo, na siku ile hakumwita mumewe kwa jina lolote.

Alhamisi meza iliondolewa kibarazani. Waliochanjwa Busongwa walikuwa watoto wa Kiislamu, wajukuu wa mganga, na mtoto wa mwalimu mkuu. Wengine wa kigango hawakufika hata watano. Wilayani waliuliza kuna nini Busongwa, Apolonia akaandika kwa ufupi: wamefunga.

Padri Donatus alitoka mafungoni Jumamosi, akafungua simu, akazikuta simu za Apolonia kumi na moja. Jioni ile Telesphori alipokea ujumbe, na huu aliupitia kabla ya ibada. Aliupitia mara nne.

"Katekista, mmenielewa vibaya. Nilikataza CHALE za waganga, nimesikia wachimbaji wa vigango vyote wanakwenda. Chanjo za watoto ni za lazima na ni tendo la upendo. Watangazie kesho bila kukosa, chanjo bado zipo zahanati."

Kesho yake alitangaza zamu ya kufagia kanisa. Alitangaza Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa. Alitangaza mwavuli wa mwenyekiti wa kwaya uliopotea, rangi yake, na mpini wake uliovunjika. Kisha akatazama simu, akatazama upande wa wanaume, akaona vifua vyote kumi vimefungwa vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile, na akazima simu. Akisema chale, watauliza chale za nani. Alijiambia atasema Jumapili ijayo, akishapata maneno.

Jumatano Zipora aliamka na homa, macho mekundu, anakohoa. Alhamisi hakutaka kiazi. Ijumaa asubuhi Agatha alimwosha, akaona vipele nyuma ya masikio, vinashuka shingoni, na akamwita mumewe kwa sauti ambayo Telesphori hakuwa ameisikia tangu walipozika mtoto wao wa pili. Mtoto yule naye alikwenda na surua, miaka ile dawa ilipokuwa mbali. Agatha hakuhitaji nesi wa kumwambia.

Apolonia alimtazama mtoto macho, akampa matone ya vitamini, yaleyale yenye mafuta, akaandika rufaa. Walikwenda hospitali kwa bajaji, Zipora katikati yao amefunikwa kitenge usoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Kila bajaji iliporuka shimo, Telesphori aliomba. Aliomba bila kuvuta sauti, na kwa mara ya kwanza Kwaresima ile alikuwa hajala kitu tangu jana yake na hakuna mtu aliyejua.

Daktari alisema kifua wanakitibu, kitapona. Jicho la kulia liko salama. La kushoto lina kidonda kwenye mboni, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe.

"Ataona?" aliuliza Agatha.

"Kwa la kulia," alisema daktari.

Apolonia alipiga simu Jumamosi kuuliza hali ya mtoto. Kisha akasema alichopigia. "Katekista, kuna watoto wengine watatu wana homa hapa, na mmoja ni wa Nestory. Ambao hawajaugua bado wanaweza kukingwa tukiwahi. Dozi ninazo. Nimepita nyumba kwa nyumba tangu jana, nimewasomea ujumbe ambao Padri alinitumia jana kwenye simu yangu. Wanasema wangoje mpaka katekista aruhusu."

Telesphori alikuwa amesimama kwenye korido ya wodi. Alisikia neno lile, aruhusu, na akaona aibu kali hata akageukia ukuta.

Jumapili asubuhi alimwacha Agatha na mtoto, akapanda pikipiki ya kukodi, akafika kanisa limeshajaa. Hakuvaa kanzu. Watu waliona hilo kwanza. Hakusubiri mwisho wa ibada.

"Kabla ya kuanza," alisema, "kuna tangazo la wiki iliyopita ambalo sikulisoma."

Akalisoma, lote, hadi "bila kukosa." Neno CHALE alilisoma jinsi lilivyoandikwa, kwa herufi kubwa.

Mama Rebeka alisimama upande wa wanawake. Safari hii hakuwa na hindi. "Katekista, sisi tulikuuliza. Mbona ulituambia ni sindano?"

Alikuwa amejiandaa na maneno njia nzima kutoka hospitali. Kulikuwa na hotuba kuhusu udhaifu wa mwanadamu, tamu kabisa. Aliiacha. Akafungua kifungo cha kwanza cha shati, halafu cha pili, mpaka cha mwisho, akaliachanisha. Chale sita zilionekana hata na wa mlangoni, tatu kila upande, nyeusi.

"Niliogopa mtaziona," alisema. "Nikawazuia watoto wenu. Nikamzuia na wangu. Zipora yuko wodini, jicho moja limekwenda. Nilikuwa nimeshaambiwa ukweli na Padri, nikautia mfukoni. Pelekeni watoto zahanati. Msisubiri nimalize."

Kisha Nestory, ambaye mwanawe alikuwa na homa nyumbani, alisimama na kuanza kufungua vifungo vyake. Akafuata aliyekaa nyuma yake. Akafuata mweka hazina wa kigango, akafuata mwenyekiti wa kwaya aliyepoteza mwavuli. Mwishowe walikuwa wamesimama wanaume kumi na mmoja vifua wazi mbele ya altare yenye kitambaa cha zambarau, na bibi mmoja wa mbele kabisa, mwenye macho mabovu, akauliza kwa sauti kwa nini wanaume wa kanisa wamevua nguo.

"Wamechanjwa, bibi," alijibiwa.

"Ehee," alisema bibi. "Basi hao ndio hawajafunga."

Kuna waliocheka. Wanawake wenye watoto hawakucheka, walikuwa wameshatoka. Walijifunga watoto mgongoni huku wanatembea, viatu mkononi, njia yote kuelekea zahanati, na Apolonia aliyekuwa anapiga mswaki nyuma ya nyumba alisikia kelele akadhani kuna msiba. Alifungua friji ya chanjo na povu bado liko mdomoni. Ustadhi Maige alikuja kusaidia kuandika majina, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, na alipoulizwa kama hana njaa alisema anayo nyingi.

Busongwa waliugua watoto saba kwa jumla. Wote walipona, wa Nestory pia. Padri Donatus alikuja na pikipiki yake, akaongea na Telesphori peke yao kwa saa nzima, akaondoka na ile kanzu imekunjwa kwenye begi. Sasa matangazo anayasoma mwalimu mkuu, haraka haraka, hana hata utamu. Duara halijaitika mpaka leo. Bujiku, akiulizwa, anasema aliwaambia wasikae na masharti mawili, yake na ya kanisa, kwa wakati mmoja.

Baada ya Pasaka Zipora alirudi nyumbani. Alikuwa amekonda, lakini viazi alivikumbuka. Alijifunza haraka kugeuza kichwa chote ili akione kilicho upande wa kushoto, na wageni wasiojua walidhani ni madaha ya mtoto. Agatha alianza tena kumwita mumewe Baba Ritha, ila kwa mambo ya lazima.

Siku moja mchana Telesphori alikuwa uani anapukuchua mahindi, shati ameliweka pembeni kwa joto. Zipora alikuja akasimama mbele yake, akageuza kichwa, akaweka kidole kwenye chale ya kwanza. Akahesabu mpaka sita.

"Babu, hizi nini?"

"Nilichanjwa."

"Ulilia?"

"Hapana."

Zipora alifikiri. Kisha akapandisha mkono wa gauni mpaka begani na kusimama wima, kama siku ile.

"Na mimi nilikuwa silii," alimkumbusha. "Nilifanya hivi. Halafu ukaniambia nishushe."

Telesphori aliacha gunzi lidondoke. Mkono mdogo ulikuwa bado hewani, unangoja.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuambia."